Kabla ya Kushika Bisibisi: Waraka kwa Mafundi wa Pikipiki wa Kisumu

Kwa mafundi wa Kibuye, Kondele, Barabara ya Obote, na nyote mnaofanya kazi chini ya miti kuelekea Kisian,

 Bila mikono yenu mama wa samaki asingefika sokoni mapema kutoka Dunga, wala mgonjwa asingefikishwa usiku katika hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Ninayoyaandika hapa nayaandika kama mtu anayewahitaji na atakayeendelea kuwahitaji.

Neno langu linahusu pikipiki za silinda mbili, na namna mnavyozipokea zikiletwa kwenu zikisumbua sailensa, yaani mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama. Mnazijua dalili. Pikipiki ikisimama kwenye taa, injini inatetemeka, inashuka, inapanda, mwisho inazima. Ikishika barabara ya Maseno inatulia kabisa. Mteja anaanza kueleza hayo, na kabla hajamaliza, bisibisi iko tayari kwenye skrubu ya sailensa. Mnaikaza nusu mzunguko, injini inanguruma kwa sauti kubwa, haizimi tena, na pesa inapokelewa. Kwa heshima zote, hayo si matengenezo. Ni kumfunika blanketi mtu mwenye homa na kumwambia aende kazini.

Najua desturi hiyo ilikotoka. Serikali ilipoziondolea kodi pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008, mji huu ulijaa boda boda za silinda moja, na wengi wenu mlijifunzia kazi hapo. Silinda moja haina pa kujificha: plagi ikifa, injini imekufa. Silinda mbili ni jambo lingine. Moja inaweza kulala huku mwenzake akiibeba, na skrubu mnayoikaza humwongezea mzigo yule anayefanya kazi. Aliyelala kwa kukosa cheche anaendelea kupokea petroli asiyoichoma. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, kisha inashuka na kuchanganyika na oili ya injini. Na mteja wenu anatoka gerejini na pikipiki inayomsukuma mbele hata akiwa ameachia mkono wa mafuta, anaingia nayo mzunguko wa Kondele saa kumi na mbili jioni. Hilo linaniudhi kuliko pesa yangu iliyopotea kwa vipuri nisivyovihitaji.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya bisibisi na kabla ya bei, ni moja: silinda ipi? Jibu lake halihitaji mashine. Injini ikiwa baridi kabisa, iwasheni, hesabuni nusu dakika, kisha dondosheni maji kwenye kila bomba la ekzosi karibu na injini. Bomba linalochemsha maji ni la silinda inayofanya kazi. Lile ambalo maji yanateremka tu ndilo la mgonjwa. Kama hamjaridhika, zimeni, toeni kofia ya plagi moja, mtie plagi ya akiba ndani yake na kuigusisha na chuma cha injini ili umeme usikose njia na kuharibu koili, kisha washeni tena. Ikiwa sauti haibadiliki, silinda hiyo haikuwa ikichangia chochote.

Baada ya hapo, badilishaneni vitu vya kushoto na kulia, kimoja kimoja. Plagi kwanza. Ugonjwa ukihamia upande wa pili pamoja na plagi, mmemkamata mwizi. Usipohama, jaribuni kofia na waya, kisha koili kama kila silinda ina yake. Hii ndiyo neema ya silinda mbili: kila kipuri mnachokishuku kina pacha wake mzima kando, bure. Hata hivyo gereji moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja, iliniuzia plagi mbili, koili na betri kabla ya mtu yeyote kugusa bomba la ekzosi. Ugonjwa ulikuwa mpira unaounganisha kabureta na injini: ulikuwa umepasuka kwa chini na kuvuta hewa pembeni. Maji kidogo ya kupuliziwa juu ya mpira huo, injini ikinguruma, yangebadilisha sauti na kueleza kila kitu.

Nitakaa kidogo kwenye kabureta, kwa sababu hapo ndipo mnapoumiza zaidi. Pikipiki iliyo sailensani haitumii tundu kubwa la petroli. Inanyonya kupitia jeti ndogo ambayo tundu lake, kwa pikipiki nyingi, halifiki nusu milimita. Ndiyo maana ugonjwa unaonekana kwenye taa na kupotea barabarani. Jeti hiyo huzibwa na utando wa petroli iliyokaa muda mrefu bila kutumika. Nanyi, waheshimiwa, mnaizibua kwa uzi wa kebo ya breki. Jeti ni ya shaba, laini kuliko chuma. Mkiisugua upande mmoja tundu linatanuka, na kuanzia siku hiyo kabureta mbili hazitakubaliana hata mzikaze skrubu zote mpaka usiku. Tumieni dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa, inueni jeti kwenye jua na mtazame kama tundu ni duara. Kompresa ipo kwa jirani anayejaza upepo.

Kuna pia wimbo wa "mafuta mabaya". Sikatai kwamba yapo. Serikali yenyewe mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuzuia watu kuyachanganya na mafuta ya magari. Lakini fundi anayelaumu mafuta ayatoe basi ayaone: fungueni skrubu ya chini ya kila kabureta, mkinge kwenye chupa inayoonekana ndani, muiache itulie. Maji yatakaa chini, mafuta taa yatanuka. Vilevile wapo wanaolaumu mwinuko. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya nane. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani itazidisha petroli hapa. Ila mwinuko haubagui. Plagi zote mbili zikiwa nyeusi kwa masizi, lizungumzieni hilo. Moja ikiwa nyeusi na nyingine kahawia safi, mwinuko hauna kesi.

Na tafadhali, msitibu kisichoumwa. Injini nyingine za silinda mbili zimeundwa pistoni moja ikipanda wakati nyingine inashuka, hivyo milipuko miwili inafuatana haraka, kisha kimya kirefu. Aliyezoea Boxer ya silinda moja atasikia mdundo huo na kudhani kuna kasoro.

Nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa baridi, na kazi ya mwisho, ya mwisho kabisa, iwe kuzilinganisha kabureta mbili zivute sawa. Bomba la plastiki linaloonekana ndani, lipindwe kama herufi U na kutiwa oili ya tu-stroki, ile wavuvi wa Dunga na Usenge wanayochanganya na petroli ya mota zao, linatosha kuonyesha upande upi unavuta zaidi. Oili hiyo hata ikinyonywa kidogo itaungua bila madhara. Wavuvi hao wanastahili kusikilizwa. Mota nyingi za boti ni za silinda mbili, na moja ikilala katikati ya Ghuba ya Winam, upepo ukianza, hakuna skrubu ya kumtuliza mwenye boti.

Sasa haki yenu. Mnauza vipuri kwa sababu sisi wateja tunalipia vipuri tu. Mtu atatoa pesa ya koili bila kusita, lakini akiambiwa alipie saa moja ya kuchunguzwa, anasema hukufanya kitu. Tumewafundisha kubahatisha, na vijana wanaojifunza miguuni penu wanaiga. Chuo cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kiko hapa hapa Kisumu na kinatahini mafundi kwa madaraja. Fundi anayejua kutafuta ugonjwa ana ujuzi unaostahili bei yake. Andikeni ubaoni bei ya uchunguzi, mbali na bei ya vipuri. Mimi nitailipa, hata kama mwishowe tiba itakuwa mpira wa bei ndogo.

Jumatatu nitaileta pikipiki yangu asubuhi, nikiisukuma, ikiwa baridi. Naomba asiguse mtu skrubu ya sailensa mpaka awe ameniambia: ni ya kushoto au ya kulia.

Wasalaam,
Mteja wenu