Sifa kwa Mlolongo wa Makaratasi ya Kichanga

Wengi wanaulaani mlolongo wa nyaraka za mtoto anayezaliwa ughaibuni. Mimi nasimama upande wake, kwa hoja moja: hakuna sherehe, ofisi wala mkutano wa ukoo unaowaingiza Watanzania kwenye maandishi kama anavyowaingiza kichanga mmoja aliyezaliwa Leicester au Reading. Chukua wazazi walioko Uingereza kwa viza ya kazi au masomo. Msajili wa vizazi wa England anawapa siku 42 za kumwandikisha mtoto, na wakishakabidhiwa cheti wanadhani yamekwisha. Ndiyo kwanza yanaanza. Tangu tarehe 1 Januari 1983, kuzaliwa kwenye ardhi ya Uingereza peke yake hakumpi mtu uraia; lazima mzazi mmoja awe raia au mkaazi wa kudumu. Cheti kile kinasema mtoto kazaliwa, hakisemi ni raia wa wapi. Hata viza hana. Sheria haimhesabu kuwa mkosaji kwa kuwepo tu, ila akitoka kwenda kumsalimia bibi yake Singida, kurudi kwake ni shauri jingine.

Sasa nchi ya wazazi inapata kukumbukwa. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje kuwa raia wa kurithi, ikiwa baba au mama ni raia na uraia wa mzazi huyo si wa kurithi pia. Tazama ustadi wa sharti hilo. Halimsumbui mtoto, maana mtoto hana habari zozote. Linamgeukia mzazi: wewe ulizaliwa wapi, na nani aliandika? Mara nyingi hakuandika mtu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta takriban asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa, na wazazi tunaowazungumzia walizaliwa mapema zaidi, baadhi yao kwa mkunga wa kijijini. Kuna waliopata pasipoti kwa kiapo, wakasahau. Basi simu zinapigwa. Baba mdogo anatumwa kwa mtendaji wa kata kufuata barua ya utambulisho. Shangazi anafukua sanduku akitafuta cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki ambayo panya wameacha nusu. Wilayani inagundulika kwamba mama ni Mwanaidi kwenye pasipoti na Mwanahidi kwenye cheti cha darasa la saba, na wakili anapata riziki yake kwa kiapo cha kuthibitisha kuwa hao wawili ni mtu mmoja. Mwishowe mama anapata cheti chake cha kuzaliwa, baada ya mwanawe kupata cha kwake. Kwa makaratasi, mtoto ndiye mkubwa. Ni serikali gani iliyowahi kuendesha kampeni ya usajili yenye bidii namna hiyo, tena kwa nauli ya wananchi wenyewe?

Atasema mtu kwamba yote hayo yangemalizwa mtandaoni kwa saa moja. Sibishi, fomu ya pasipoti siku hizi inajazwa mtandaoni. Lakini mtandao unadai uambatanishe cheti, na cheti hakijawahi kuandikwa. Kompyuta haikupunguza hatua hata moja ya baba mdogo.

Pingamizi zito linatoka Ghuba. Huko Saudi Arabia, mfanyakazi wa ndani kutoka Kenya aliyejifungua nje ya ndoa anatakiwa aonyeshe cheti cha ndoa ndipo mwanawe apate cha kuzaliwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu mtoto huyo kuwa raia tangu siku aliyozaliwa, popote alipozaliwa, na haki hiyo haimpandishi ndege bila karatasi. Hapa sifa zangu sizipeleki. Ninachokisifu ni mlolongo, na mlolongo una dirisha mwisho wake. Alichopewa mama huyu ni ukuta.

Tuwarudie wenye dirisha. Wazazi ambao mmoja wao ana ukaazi wa kudumu Uingereza wana bahati ya kupanga foleni mbili, na ya pili ina upole wake: mwongozo wa picha ya pasipoti ya Uingereza unamruhusu mtoto wa chini ya mwaka mmoja kufumba macho, na mzazi anaweza kumshika kichwa mradi mkono usionekane. Mtoto anapata uraia wa nchi mbili, kwa muda. Akifika miaka 18, Tanzania, isiyoruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, inamtaka aukane ule mwingine ili abaki na wake. Kwa hiyo faili linafunguliwa upya, na safari hiyo foleni atapanga mwenyewe.