Saa 5 na Saa 11

Jumatatu

Leo nimeruhusiwa kurudi nyumbani Magomeni na goti jipya la kulia. Daktari wa mifupa alinieleza kilichomo ndani: kofia ya kobalti na kromi kwenye ncha ya mfupa wa paja, bamba la titani juu ya muundi, na katikati plastiki ngumu iliyoshika nafasi ya gegedu lililolika. Vitu hivyo haviumi. Inauma nyama iliyopasuliwa, inauma mifupa iliyochongwa ili vikae. Naandika kwa sababu kabla ya upasuaji kila aliyenitembelea alinipa habari za goti, na hakuna aliyenipa habari za maumivu.

Karatasi ya dawa inasema parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, tramadoli maumivu yakizidi, na sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande mguuni. Mkwe wangu alichukua kalamu akapiga hesabu: saa 5 na saa 11, za mchana na za usiku. Akaibandika mlangoni mwa friji. Mjukuu akaweka kengele kwenye simu yangu.

Saa 11 jioni kengele ililia sebuleni, simu ilikokuwa ikichajiwa. Mimi nilikuwa kitandani, mkwe sokoni, mjukuu uwanjani. Ililia hadi ikanyamaza. Nilisogea na fremu ya kutembelea hatua kwa hatua, na nilipovifikia vidonge mguu ulikuwa unapwita kutoka pajani hadi kifundoni. Nilivimeza saa 11 na nusu, lakini maumivu yalitulia baada ya swala ya isha. Nusu saa ya kuchelewa imenigharimu jioni nzima. Kuanzia leo simu inalala chini ya mto wangu, na maji kando yake.

Jumanne

Wifi yangu amekuja kunijulia hali. Aliketi kitandani upande wa goti, godoro likabonyea, mguu ukapinduka. Nilipiga ukelele. Alisikitika sana, akahamia kwenye kiti.

Ameniletea mafuta ya nyonyo ya kukandia shavu la mguu, na vidonge vya maumivu vya duka la dawa, vile anavyomeza mwenyewe kiuno kikimshika. Mkwe alisoma maandishi ya pakiti: diklofenaki na parasetamoli, zote mbili ndani ya kidonge kimoja. Nikimeza hivyo juu ya dawa zangu, parasetamoli inavuka gramu 4, kiwango ambacho mtu mzima hatakiwi kukipita kwa siku moja, na ini ndilo linaloumia. Diklofenaki nayo daktari hakunipa kwa makusudi, maana nina presha na figo zangu zinaangaliwa. Wifi alivirudisha mkobani kimya kimya. Mafuta nimeyapokea, ila shavu la mguu halikandwi mpaka hospitali waseme, kwa sababu ya hatari ya damu iliyoganda.

Wakati wa kuaga aliniambia, “Jikaze wifi yangu, sisi wanawake tumezoea.”

Nilimwomba aketi tena, nikamsimulia ya wodini. Usiku wa kwanza nililala vizuri kwa sababu ya ganzi waliyonichoma kwenye neva za paja. Ganzi hiyo haidumu. Ya kwangu iliisha karibu na alfajiri, na maumivu yakaingia yote kwa pamoja. Muuguzi alipita kitanda kwa kitanda akiuliza, kutoka 0 hadi 10, unaumwa kiasi gani? Mimi nilisema 8. Mama wa kitanda cha pili, aliyefanyiwa upasuaji kama wangu siku ileile, alisema 3 huku ameng’ata kanga. Mimi nikaongezewa dawa. Yeye akapewa dawa ya mtu mwenye 3. Asubuhi mimi nilisimama na fremu. Yeye hakuweza hata kuteremsha mguu kitandani. Hakuna aliyemfundisha kwamba muuguzi anaiamini namba anayopewa. Ningependa ndugu zake wajue hilo, na wifi yangu pia.

Alhamisi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Mfuko wa jeli ninaotumia kupoza goti umekuwa vuguvugu, na uvimbe hauna habari na umeme. Mjukuu alikimbia kwa jirani anayeuza barafu, akarudi na pakiti za barafu ya ubuyu, ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kwenye deli.

Tulizifunga kwenye taulo jeupe, tukaziweka juu ya goti kwa dakika 20, maana barafu haigusi ngozi moja kwa moja. Zilinisaidia kweli. Kisha pakiti moja ikapasuka, na ubuyu ukatiririka hadi shuka. Shangazi yake mkwe aliingia muda huohuo kunisalimu, akaona taulo jekundu, akatoka nje akiita watu. Walikuja majirani wengi. Iliwabidi waonje ndipo waamini.

Bandeji ni ya plastiki isiyopitisha maji. Tuliikagua pembeni zote na ndani palikuwa pakavu. Sisimizi walishughulika na shuka hadi jioni. Mama wa barafu amekubali kutugandishia pakiti za maji matupu kila siku, kwa bei ileile ya ubuyu.

Ijumaa

Mkwe wangu ana huruma, na huruma yake imekaa chini ya goti langu kwa umbo la mto wa pamba. Goti likikunjwa kidogo juu ya mto maumivu hupungua mara moja, nami nililala hivyo usiku kucha. Asubuhi halikunyooka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyempigia simu alisema mto utoke leo hii: goti likizoea kupinda, makovu ya ndani hulishika hapohapo, na mtu hubaki akichechemea na goti jipya. Tukaviringisha kanga mbili tukaziweka chini ya kisigino, goti likaning’inia hewani. Hilo linauma. Tumekubaliana nilifanye nusu saa baada ya kumeza dawa, dawa inapokuwa na nguvu.

Jambo jingine ambalo watu hulionea aibu: tramadoli inafunga choo. Napata papai, maji na mchicha, lakini choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mimi sichuchumai tena. Fundi seremala alitoboa kiti cha plastiki tukakiweka juu yake. Leo miguu ya kiti ilitanuka kwenye vigae vyenye maji, nikabaki nimeshika bomba la ukutani hadi mkwe akaja. Sikuanguka. Mchana fundi alirudi na kiti cha mbao chenye mikono, miguu yake imevishwa vipande vya tairi. Kila anayepanga upasuaji huu atengeneze kiti kabla hajalazwa.

Jumapili

Mjukuu amesikia goti likigonga nilipoketi, plastiki ikikutana na metali. Alileta sumaku ya spika mbovu ajaribu kama itanasa. Haikunasa, maana metali zile hazivutwi na sumaku, ikamponyoka na kuanguka juu ya muundi. Nilimeza tramadoli iliyokuwa imepangwa kwa usiku, nikaandika saa kwenye karatasi ili isirudiwe.

Weusi wa damu umeteremka hadi kifundo. Nyumba nzima iliingiwa na hofu. Wauguzi walikuwa wametueleza kwamba damu ya chini ya ngozi hushuka hivyo. Cha kuwahisha hospitali ni shavu la mguu kuvimba na kuuma, homa, au kidonda kutoa usaha. Tulipima joto, tukalinganisha mashavu ya miguu yote miwili. Yalikuwa sawa.

Jumatano

Siku ya kutoa pini. Bajaji ililetwa mlangoni, nikaketi upande upande, mguu umelala juu ya kiti. Dereva, kijana mwenye adabu, aliniamkia, akaahidi kwenda polepole, na kwenye kila tuta alisema “Pole, mama” kabla hatujalifika. Matuta ni mengi.

Nilisogeza dawa hadi saa 2 na nusu kwa kuwa miadi ilikuwa saa 3. Faili halikuonekana. Lilipatikana karibu saa 6, nguvu ya dawa inaelekea kuisha. Pini zilitoka bila taabu, hasa za upande wa nje ambako ngozi bado ina ganzi. Mazoezi yalikuwa shida. Nilimwambia dada wa mazoezi wazi: dawa inaishiwa, nipo kwenye 7, ukinikunja sasa nitakaza msuli na hutapata kitu. Hakunilaumu. Alisogeza mgonjwa mwingine mbele, nikangoja muda wa dozi inayofuata, nikaimeza, nikapewa nusu saa na barafu. Kisha akakunja, akapima nyuzi 85. Anataka 90 ili niketi vizuri kitini, na zaidi ya hapo kwa ajili ya ngazi. Namshukuru kwa ile nusu saa.

Jumamosi

Shoga yangu wa tangu tukifundisha pamoja amekuja. Jina lake limeshaingia kwenye orodha ya upasuaji.

“Inauma kweli?”

“Sana. Usiku zaidi.”

Nilimwambia aombe vidonge vya kwanza ganzi ikiwa bado ipo, aitaje namba ilivyo, na awakumbushe madaktari vidonda vyake vya tumbo kabla hawajamwandikia diklofenaki. Alinyamaza, kisha akauliza habari za choo. Nilimpeleka akakiona kiti, akakikalia, akakitikisa. Anakitaka. Nimemwahidi atakichukua nikianza kuinuka bila kushika ukuta, na kama nitachelewa, nimempa namba ya fundi.