Umejifungua Nyota Kubwa? Maelekezo kwa Wingu

Hongera kwa kujifungua salama. Wewe ni wingu la gesi, baridi yako nyuzi 260 hivi chini ya sifuri, na kwa mamilioni ya miaka hukugombana na mtu. Sasa umezaa nyota yenye uzito wa Majua zaidi ya 30. Mtoto wa aina hiyo hangoji mama atoke arobaini; anaanza kumfukuza nyumbani siku hiyo hiyo.

Ushauri wa kwanza ulipaswa kukufikia kabla ya mimba: hakikisha umesongamana. Kaulize wingu la Orioni, miaka ya nuru 1,300 hivi kutoka hapa, chini ya zile nyota tatu zilizopanga mstari, ambazo Januari usiku hutupita karibu na utosi. Pale nyota iitwayo Theta1 Orionis C inapuliza upepo wa zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde. Mwaka 2019, wanafalaki waliotumia SOFIA, darubini iliyofungwa ndani ya ndege ya Boeing 747, walionyesha kwamba upepo huo umevimbisha puto la gesi linalotanuka kwa kilomita 13 kila sekunde. Limetanukia wapi? Upande wetu, kwenye gesi nyepesi. Nyuma ya nyota upo ukuta wa gesi nzito, na huo bado umesimama. Hata upepo hujua wa kumwonea.

Ila usipige vigelegele. Kisichosukumika huliwa polepole. Mwanga wa urujuanimno unazipokonya atomi zako za haidrojeni elektroni, ngozi yako inapanda hadi nyuzi 10,000 hivi, kisha inafuka kuelekea angani. Nguzo za Uumbaji, zile ambazo darubini ya Hubble ilizipiga picha mwaka 1995, ni mabaki ya gesi iliyokingwa na vichwa vizito vilivyoko kwenye ncha zake. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2015 vinasema zinapoteza uzito wa Majua 70 hivi kila miaka milioni moja, na baada ya milioni tatu hivi hazitakuwapo. Binadamu wamezichapa kwenye fulana. Ukianza kusifiwa uzuri, jua unaisha.

Mwanga na upepo huo pia hukubana, na kubanwa huko kunaweza kukutia mimba nyingine. Wanafalaki wanabishana kama watoto hao wangezaliwa vyovyote vile. Waachie ugomvi wao.

Wala usikae ukingoja supernova ndipo uhame. Nyota kubwa huchukua miaka milioni tatu au zaidi kabla ya kulipuka, na kufikia hapo mwanga na upepo mara nyingi vimekwisha kukutawanya. Asilimia chache tu ya gesi yako itakuwa imegeuka nyota; iliyobaki iko njiani. Kwa hiyo fungasha mapema, na vumbi usiliache hata punje: huko uendako, ukitaka kuwa wingu tena, atomi za haidrojeni zitahitaji mahali pa kukutania na kuungana mbili mbili.