Mwongozo kwa Marafiki Watano na Gari Moja Bovu

Kabla hamjachagua nyimbo, chagueni mwenye kauli ya mwisho. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita kama 500, na ndani ya gari kila mmoja ana hakika kwamba barabara anaijua yeye. Mpeni mtu mmoja madaraka. Akisema tunasimama, msimame. Akisema leo tunalala Mikumi, mlale. Kura haijawahi kubadilisha tairi saa tatu usiku.

Kisha pesa. Kwenye grupu la WhatsApp wote huandika "nipo" siku ile safari inapotajwa, na siku ya kutuma mchango anabaki mwenye gari na msichana mmoja mwaminifu. Kusanyeni mapema mafungu mawili: la mafuta na la dharura. La dharura lisiguswe kwa ajili ya nyama choma ya Morogoro hata kama inanukia vipi. Yule wa "nitatuma tukifika" ashushwe Kimara, ambako daladala za kumrudisha kwao bado ni nyingi.

Msiliamini neno "gari lipo vizuri". Lipo vizuri kwa kwenda Kariakoo na kurudi. Lipelekeni kwa fundi siku kadhaa kabla, maana matengenezo ya alfajiri ya safari huzaa ubovu mwingine njiani. Aangalie rejeta na mipira yake, feni, breki na mataa. Tairi la spea nalo lipimwe upepo. Wengi hulikumbuka siku ya pancha na kulikuta limelala kama chapati. Jeki iwepo, na spana iwe ya nati za gari hilo, si ya gari la shemeji. Viakisi vya pembetatu, kizima moto, bima na leseni viwe karibu, kwa sababu askari wa barabarani atavitaka, na kosa moja ni shilingi 30,000.

Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Mwenye tochi haonekani mpaka amekwisha kukupiga. Basi iwekwe sheria tangu Kibaha: anayekaa nyuma na kusema "kanyaga, mwanangu, tunachelewa" ndiye atakayelipa faini. Mtashangaa atakavyonyamaza. Na hata bila askari, kibao kile kimewekwa kwa ajili ya watoto wanaovuka kwenda shule, kwa hiyo kiheshimuni hata pasipo na mtu.

Kuchimba dawa kufanyike Doma. Nalisisitiza hili kwa sababu baada ya Doma mnaingia Hifadhi ya Mikumi, na barabara inapita humo kwa kilomita 50 hivi. Tembo huvuka wanapotaka, nyati na twiga vilevile, na simba wamo. Ukimgonga mnyama kuna faini, kila mnyama na bei yake. Msishuke kupiga picha. Msiwarushie nyani ndizi: nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani kungoja gari la pili, na hapo ndipo anapogongwa. Taka zenu zibaki ndani ya gari. Gari likizima humohumo, kaeni ndani na milango imefungwa, pigeni simu, na mwombeni msaada anayepita. Aliyekunywa soda tatu Morogoro avumilie.

Mkitoka Mikumi giza linaingia, msiendelee. Malori hupaki bila taa, na onyo la pekee huwa matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami. Mkiyaona, punguzeni mwendo. Mkiharibikiwa nyie, wekeni pembetatu mbali nyuma ya gari, na kama mmetumia matawi, yaondoeni kabla ya kuondoka. Kuyaacha ni uovu. Anayekuja usiku atayakwepa na kukutana uso kwa uso na basi.

Ruaha Mbuyuni nunueni vitunguu mkirudi, si mkienda, maana mbele yenu kuna Kitonga. Mlima ule una kona kali, na malori hupanda kwa mwendo wa konokono. Msiyapite kwenye kona. Hapo ndipo gari lililokuwa vizuri huanza kuchemsha. Mshale wa joto ukipanda, zimeni kiyoyozi, tafuteni mahali salama pembeni, zimeni injini, mngoje ipoe kabisa. Mtu asifungue mfuniko wa rejeta ikiwa moto: maji yake yamebanwa kwa nguvu na yataruka usoni. Maji baridi nayo yakimiminwa kwenye injini yenye moto yanaweza kupasua silinda hedi, na hapo fungu la dharura halitatosha hata kwa salamu za fundi. Kila kundi lina rafiki mmoja aliyejifunza ufundi kwenye video. Mpeni kazi ya heshima mbali na boneti, kama vile kulinda pembetatu.

Wakati wa kurudi, shukeni Kitonga kwa gia ndogo. Anayeshuka huku ameng'ang'ania breki huzichemsha mpaka zikaacha kushika, na anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta anahatarisha roho tano kwa lita moja. Mwenye kauli ya mwisho amnyang'anye usukani palepale.

Mkishafika Dar, msitawanyike kwa bodaboda kila mtu na njia yake. Jazeni tangi, lioshwe gari, na bei ya rejeta igawanywe kwa watano sawasawa. Aliyelala tangu Chalinze na kuamkia Iringa naye alipe.