Mtalii Ndani ya Basi la Mkoani

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha, yenye kilomita zaidi ya 600 na inayomaliza karibu mchana wote, ni mtihani ambao mtalii wa kigeni huusomea kwa bidii, lakini aghalabu husomea maswali yasiyoulizwa. Begi lake huwa na chujio la maji, krimu ya jua na kitabu cha kumtahadharisha na nyoka, hali kinachoweza kumdhuru zaidi kiko chini ya mguu wa dereva. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, hesabu ambayo chatu wote wakiunda ushirika hawataifikia.

Masaibu huanzia kituoni, ambako wapigadebe, yaani vijana wanaolipwa kwa kuyajazia mabasi abiria, humgawana mgeni kwa haki: mmoja hutwaa mkono, mwingine begi, na isipokuwa mwenyewe amekaza roho, mkono utakwenda Arusha na begi litakwenda Mbeya. Akishaketi, hugundua kwamba katika basi la siti mbili kwa tatu, ambalo kila safu hubeba watu watano, nafasi ya yule wa tano imekatwa kutoka kwenye nyonga za wenzake wanne. Ikiwa alichagua dirisha la kulia ili aione milima ya Usambara, Upare na hatimaye Kilimanjaro, hakujua kwamba jua la asubuhi nalo limekata tiketi ya upande huohuo. Jirani yake atavuta pazia Chalinze, na milima yote itapita nyuma ya kitambaa.

Suala la haja ndogo linahitaji uchambuzi wa pekee, kwa kuwa mgeni aliyeshauriwa kunywa maji mengi hufikwa na dharura mahali pasipo choo, na huokolewa na kuchimba dawa, ambako ni kusimama porini kwa dakika chache ili abiria wajisaidie, huku honi ikiwahimiza hata wale ambao hawajapata kichaka.

Kuhusu mwendo, sheria ya Tanzania huyawekea mabasi ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi, na askari huupima kwa tochi, yaani kifaa cha kupimia kasi. Madereva wanaopishana hupashana habari za tochi kwa kuwashiana taa, na mtalii, akidhani kwamba wanasalimiana, husifu ukarimu wa Waafrika.

Kwa hiyo msafiri, awe mgeni au mwenyeji, na asafiri mchana, afunge mkanda, na asione haya kumwambia kondakta kwamba gari linakimbia mno. Dereva anayenung'unikiwa na basi zima kwa kuchelewa ndiye dereva wa kusafiri naye.