Jinsi ya Kupulizia Salfa na Bado Ukakosa Korosho

Kila mwaka ifikapo Juni, mifuko ya unga wa njano hushushwa kwenye maghala ya vyama vya msingi, kuanzia Masasi hadi juu Newala. Na kila mwaka wapo wanaoitumia yote wakaishia kuvuna majani. Mafanikio ya namna hiyo hayaji kwa bahati, yana kanuni zake. Tunazitoa hapa ili hata mkulima chipukizi aweze kushindwa kitaalamu.

1. Usitake kuijua. Ukishajua kwamba salfa ni elementi namba 16, utaanza maswali. Utaambiwa haiyeyuki majini, wala haipiti kwenye utomvu kwenda kuutibu mti. Hufanya kazi pale ilipotua. Jua likipanda, unga hutoa mvuke kidogo kidogo, na mvuke huo huua ukungu wa ubwiri unga kwenye ua na jani changa. Yaani ni kinga. Wewe shikilia kwamba ni dawa, na dawa hupewa aliyekwisha ugua.

2. Subiri mti uugue. Maua yakianza kuchomoza, kaa kivulini. Kijana akipita na kuuliza, "Shikamoo babu, mbona hatupulizi?" mjibu, "Marahaba mjukuu wangu, haraka ya nini? Maua yenyewe bado machache." Yakishakuwa meupe kama yaliyopakwa unga wa muhogo, kisha yakageuka kahawia na kupukutika ukiyagusa, washa mashine. Ua lililokufa halifufuki kwa salfa, lakini majirani watasikia mngurumo na kujua nawe umo.

3. Toka saa sita mchana. Wenye papara huingia shambani alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande wa kuunasa unga. Wewe maliza chai kwanza. Newala kuna upepo mzuri unaopanda kutoka bonde la Ruvuma pale Shimo la Mungu. Utalibeba wingu lako la njano hadi shamba la pili. Mikorosho ya jirani itazaa vizuri sana, nawe andika thawabu.

4. Pima kwa jicho. Watafiti wa korosho wa Naliendele wanahangaika na robo kilo kwa mti mkubwa, kisha wanataka urudie kila baada ya wiki mbili au tatu, maana kila siku huchomoza maua mapya ambayo hayajaguswa na unga. Usumbufu mtupu. Mwagia kilo nzima siku moja, urudishe mashine ya watu. Itakayodondoka chini haipotei: bakteria wa udongoni wataigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na kichanga cha uwanda wa Makonde, ambacho hakina nguvu ya kuihimili asidi, kitazidi kuchachuka mwaka hadi mwaka. Wajukuu nao wanahitaji urithi.

5. Mpulizaji awe kifua wazi. Miwani, barakoa na shati la mikono mirefu ni mambo ya waoga. Macho yakiwasha na koo likikereketa, mwambie ndiyo kazi. Akitaka sigara, mpe na kiberiti: vumbi la salfa hushika moto upesi, huwaka kwa mwali wa buluu na kutoa gesi ya salfa dioksaidi, inayokaba kifua. Mfuko uliobaki uhifadhi uvunguni mwa kitanda, jirani na jiko la mkaa.

6. Usipogolee. Acha matawi yafumane hadi jua lisiguse ndani. Ubwiri unga hupenda kivuli na usiku wenye ubaridi, na mgeni hukirimiwa.

7. Kula korosho kabla hazijavunwa. Mwezi wa Julai, peleka ahadi ya magunia kwa mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho zikingali mtini nje ya mfumo rasmi, akupe fedha kidogo za salfa. Msimu ukifika atakuja na kipimo chake, nawe utausikia mnada wa stakabadhi ghalani redioni.

Anayedhani tunatania atazame takwimu. Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, bei zilikuwa duni, na ubwiri unga, uliobainika nchini mwaka 1979, ukamalizia kazi. Salfa ilipoanza kupulizwa kwa mpango, zao likasimama tena. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000.

Kwa hiyo ndugu mkulima, uamuzi ni wako. Ukizitaka korosho, geuza kila kanuni iliyoandikwa hapa: pogoa mapema, anza maua yanapochomoza, amka alfajiri, pima, rudia, na mfunike kijana wako uso. Salfa haijali kiasi peke yake. Inajali pia umefika lini.