Inaingia Tu, Bosi: Mwongozo wa Kujiundia Kompyuta Ukiwa Sumbawanga

Kabla hujanunua hata skrubu moja, jifunze kuitambua sentensi ya hatari kuliko zote katika biashara ya vipuri vya kompyuta: "Hiyo inaingia tu, bosi wangu." Muuzaji huitamka kwa tabasamu, mkono mmoja umeshika boksi, mwingine umeshika simu ya kupokelea malipo. Ukiisikia, rudisha hela mfukoni na umuulize: inaingia kwenye soketi gani? Inakula RAM ya aina gani? Akiacha kukuita bosi na kuanza kukuita mjomba, ujue jibu hana, na bei itashuka kabla ukweli haujapanda.

Mtu wa Dar es Salaam akiuziwa kipuri kisichooana na vingine, jioni anapanda daladala hadi Kariakoo, anagomba kidogo, anabadilishiwa, anawahi taarifa ya habari nyumbani. Sisi wa Ufipa tuko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapo. Kipuri chetu kinapanda basi, kinapita Morogoro, Iringa na Mbeya, kinakata kona Tunduma, kinapita Laela ndipo kinaingia Sumbawanga. Kikikataa kufanya kazi, kinarudi kwa njia hiyohiyo, na nauli ya mzigo unalipa wewe kwenda na kurudi. Kijana wa Namanyere au Matai aongeze na safari ya kuja mjini kukipokea. Kwa hiyo mwongozo huu una amri moja kubwa, na nyingine zote ni watoto wake: usilipie kitu ambacho namba zake hujaziona kwa maandishi.

Anza kwa kusema kompyuta unaitaka ya nini, na useme kweli. Wapo wanaotaka mashine ya kuchapa barua na kutoa kopi steshonari, lakini wakifika dukani wanaulizia kadi ya picha ya gemu yenye taa za rangi saba. Taa hizo hazijawahi kuchapa barua. Kwa steshonari, ofisi ya shule au hesabu za ghala la mahindi, prosesa yenye picha ndani yake, RAM ya GB 8 au 16 na diski ya SSD vinatosha kabisa. Ukiwa mpiga video wa harusi na kipaimara, hapo RAM ianzie GB 16, ikifika 32 ndiyo vizuri, na kadi ya picha ina kazi ya kufanya. Ukitaka gemu, sema gemu, hakuna dhambi.

Sasa njoo kwenye ndugu watatu wasiotenganishwa: prosesa, mazabodi na RAM. Wanunue pamoja, siku moja, kwa muuzaji mmoja. Usinunue prosesa Desemba kwa sababu binamu kaipata kwa bei nzuri, kisha mazabodi Machi baada ya kuuza maharage. Miezi hiyo mitatu ndiyo inayozaa vurugu.

Nikupe mfano mmoja nikae nao, maana ndio unaowaliza wengi. Intel walileta soketi ya LGA 1151 mwaka 2015, na prosesa za toleo la 6 na la 7 zikakaa humo. Mwaka 2017 wakatoa toleo la 8, soketi ikabaki na jina lilelile la LGA 1151 na umbo lilelile. Prosesa ya toleo la 8 ukiiweka kwenye mazabodi ya H110 au B250 inakaa vizuri, mkono wa chuma unafunga, feni unaifunga juu yake. Unawasha. Skrini nyeusi. Mpangilio wa umeme kwenye pini ulibadilishwa, na toleo la 8 na la 9 linataka mazabodi za familia ya 300 kama H310 au B360. Hapa muuzaji aliyesema "inaingia tu" hakukudanganya hata kidogo: imeingia. Na hela yako imeingia kwake. Ndiyo maana nasema uliza namba ya mazabodi, uliza toleo la prosesa, kisha uzitafute zote mbili kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika, ambayo kila mtengenezaji wa mazabodi huiweka kwenye tovuti yake. Dakika tano za bando ni nafuu kuliko basi.

Baada ya hapo Intel walikwenda LGA 1200 kwa matoleo ya 10 na 11, kisha mwaka 2021 LGA 1700 kwa ya 12, 13 na 14. AMD wana utu zaidi: soketi yao ya AM4 imebeba Ryzen kuanzia familia ya 1000 hadi ya 5000. Lakini mazabodi ya zamani, tuseme B450 ya mwaka 2018, haitaitambua Ryzen 5000 mpaka bayosi yake, yaani programu inayoiamsha mashine, isasishwe, na ili uisasishe mara nyingi unahitaji kwanza prosesa ya zamani inayotambulika. Mwambie muuzaji aisasishe dukani kwake kabla hajaifunga kwenye boksi. Akikataa, tafuta mwingine. AM5 iliyokuja mwaka 2022 inatumia DDR5 peke yake, hivyo ile RAM ya DDR4 unayoitunza kabatini haitapata kazi humo.

RAM ishike mkononi uitazame. Chini, kwenye safu ya meno ya rangi ya dhahabu, kuna pengo dogo. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, zote zina urefu mmoja, ukiziweka mezani mtu asiyejua ataziona pacha. Ila pengo halikai mahali pamoja. Likikataa kukutana na kigingi kilicho ndani ya nafasi yake, usisukume. Narudia, usisukume, na usimpe shemeji mwenye nguvu asukume kwa niaba yako. RAM iliyo sahihi inashuka kwa kidole gumba kila upande na klipu zinajifunga zenyewe kwa mlio mkavu. Kumbuka pia kwamba mazabodi za LGA 1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na majina yake hutofautiana kwa herufi moja au mbili tu mwishoni. Ukiwa na uwezo, chukua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Prosesa inavisoma vyote kwa wakati mmoja na kazi inakwenda mbio zaidi.

Halafu kuna herufi F. Core i5-12400 ina picha ndani yake, i5-12400F haina. Hiyo ya F ni nafuu, na muuzaji huitoa kama zawadi ya Krismasi. Bila kadi ya picha pembeni, skrini haitawaka milele. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600 haina picha, 5600G inayo. Mwenye steshonari achukue 5600G au i3-12100, afungue duka, awahudumie watu.

Tuzungumze ukweli mwingine: kompyuta nyingi zinazofika mikoani ni mitumba ya maofisi ya Ulaya, Dell OptiPlex na HP za mezani. Nazipenda. Ni ngumu, zinatulia, na kwa bei yake huwezi kuunda mpya inayozishinda kwa kazi za ofisi. Tatizo huanza mtu anapotaka kuifanya OptiPlex nyembamba iwe mashine ya gemu. Powasaplai yake ni ndogo na plagi zake ni za kampuni yenyewe, kwa hiyo ile ya kawaida ya dukani haiingii bila adapta. Kasha lake linataka kadi fupi yenye bamba dogo. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi haitoi zaidi ya wati 75, kwa hiyo kadi inayodai waya wa ziada wa umeme isahau. GT 1030 inakula wati 30. Zipo GTX 1650 fupi zisizodai waya. Ukipita hapo unatafuta moshi. Na ukinunua mtumba leo, angalia toleo: Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya toleo la 8 kwenda juu. Mashine ya chini ya hapo iwekee Linux, itakufaa miaka.

Powasaplai ndiyo sehemu ambayo watu wa kwetu hubana hela, na ndiyo sehemu ambayo mimi nakuomba usibane. Igeuze usome karatasi iliyobandikwa ubavuni. Juu kumeandikwa kwa herufi kubwa "500W". Achana na hizo, hizo ni za kushangilia. Shuka kwenye jedwali dogo, tafuta mstari wa 12V, soma ampia zake, zidisha. Ukikuta ampia 18, hiyo ni 12 mara 18, wati 216, na prosesa na kadi vyote vinanywea kwenye mstari huo. Nyingine iliyoandikwa 500W kwa haki itakuonyesha ampia zinazokaribia 40. Ipime na mkononi: nyepesi kama boksi tupu, iache hapohapo kwenye kaunta.

Nasema hivi kwa sababu umeme wetu una historia yake. Kwa miaka mingi mkoa wetu wa Rukwa ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, na Sumbawanga iliwaka kwa umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na majenereta ya dizeli. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ilibuniwa ili kutuunganisha. Aliyeishi hapa anajua taa kufifia, kuzimika, kisha kurudi kwa kishindo. Weka UPS, na ujue VA siyo wati: UPS iliyoandikwa 650VA mara nyingi haifiki wati 400. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, basi. Nyumba iwe na waya wa ardhi wa kweli uliochimbiwa chini. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, radi zikianza kuongea upande wa milima ya Mbizi, chomoa plagi, chomoa na waya wa intaneti.

Kuhusu joto tuna baraka na tuna deni. Mji uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi yake inapoza prosesa bure, lakini hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu kila inapozunguka. Kiangazi kinaongeza vumbi. Chagua kasha lenye wavu unaosafishika mbele na feni inayotoa hewa nyuma. Wayeyushaji chuma wa Ufipa walijua jambo hili zamani: tanuru lao refu la udongo, ilungu, lilikuwa na matundu chini na mdomo wazi juu, na hewa ilijivuta yenyewe ikipanda bila mtu wa kuvukuta. Kasha la kompyuta lifuate njia hiyo, hewa baridi iingie chini na mbele, ya moto itoke juu na nyuma. Ukilisukumia ukutani na kulifunika kitambaa cha kufuma ili lipendeze, umeziba ilungu.

Kasha lenyewe lipime. Mazabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244. Ndogo inakaa kwenye kasha kubwa, kubwa haikai kwenye dogo. Soma pia urefu wa kadi ya picha na kimo cha feni ya prosesa, kisha soma kasha linakubali milimita ngapi. SSD ya M.2 nayo ina aina mbili: ya SATA na ya NVMe. Zinafanana umbo, mazabodi nyingine zinakubali moja tu.

Mzigo ukifika stendi, kagua kabla hujasaini. Mazabodi ya Intel iwe na kile kifuniko cha plastiki juu ya soketi. Kikikosekana, washa tochi ya simu uchungulie pini, safu ziwe zimenyooka zote. Pini moja iliyolala inatosha kuua mashine, na hakuna muuzaji atakayekubali kwamba ililala kwake. Ukifika nyumbani, usikimbilie kufunga kwenye kasha. Laza mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa, feni, RAM na powasaplai tu, pamoja na kadi ya picha kama prosesa haina picha ndani yake, uwashe. Ikiwaka hapo, ndipo uanze skrubu.

Naomba neno moja na wenye maduka, wa hapa kwetu, wa Mbeya na wa Kariakoo. Risiti mnatoa, ahsanteni. Lakini msiandike "spea ya kompyuta". Andikeni jina kamili la mazabodi, toleo la prosesa, DDR ngapi, wati ngapi kwenye mstari wa 12V. Na wewe mnunuzi, usiondoke kaunta wala usitume hela kwa simu mpaka umetumiwa picha ya maandishi hayo.